Samuel Plimsoll na Alama ya Ubavuni mwa Meli

Askari apangwaye zamu katika bandari ya Bujumbura hufundishwa kutazama mambo mengi. Hukagua hati za wasafiri, hulinda maghala, huzuia magendo, hutuliza ugomvi wa wachukuzi, na huona mbele ya macho yake saruji na sukari zikishushwa kutoka vyombo vilivyotoka Mpulungu na Kigoma. Lakini ipo alama moja ya vyombo vya majini ambayo wengi wetu tuliovaa sare tunaweza kuiona mara mia bila kuuliza habari zake. Ni duara dogo lililochorwa katikati ya ubavu wa meli ya biashara, likakatwa na mstari mmoja mnyoofu, na kando yake kuna mistari mifupi iliyopangwa kama vidato vya ngazi. Baharia akiona mstari wake uko juu ya maji hutulia moyo. Akiona umemezwa na maji, hujua kwamba chombo kimebebeshwa kupita uwezo wake, na kwamba roho za watu zimewekwa rehani.

Alama hiyo kwa kawaida huitwa kwa jina la Mwingereza mmoja aliyefariki mwaka 1898, Samuel Plimsoll. Mtu huyu hakupata kuwa baharia, wala hakuongoza jeshi. Alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe aliyepata kiti Bungeni, akakitumia kwa miaka 12 kupigania jambo moja tu: kwamba mwenye meli asiruhusiwe kupakia shehena apendavyo. Maisha yake yanastahili kujulikana na kila askari, kwa kuwa yanahusu swali tunalokutana nalo kazini kila siku, nalo ni hili: nani awe na mamlaka ya kusema basi?

UJANA NA KUANGUKA

Samuel Plimsoll alizaliwa tarehe 10 Februari 1824 katika Bristol, mji wa bandari ulio magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya ushuru, na nyumba ilikuwa na watoto wengi. Familia ilihamia kaskazini katika mji wa Penrith, kisha ikatua Sheffield, mji uliosifika kwa viwanda vya chuma. Samuel aliacha shule mapema akawa karani katika ofisi ya wakili. Baadaye aliingia katika kiwanda cha bia, na kwa bidii yake akapanda hadi kuwa meneja. Mwaka 1851, London ilipofanya maonyesho makubwa ya bidhaa za mataifa yote, kijana huyo alikuwa katibu wa heshima wa kamati ya Sheffield.

Mwaka 1853 alikwenda London kufanya biashara ya makaa ya mawe kwa mtaji wake mwenyewe. Biashara ikaanguka haraka, na fedha zote zikapotea. Mtu aliyezoea meza ya meneja akajikuta akilala katika nyumba za kupanga za watu maskini, akiishi kwa matumizi yasiyofika shilingi nane za Kiingereza kwa wiki. Hapo alijifunza somo ambalo hakulisahau. Aliona vibarua wasio na kazi wakigawana mkate na wenzao waliokosa zaidi, bila kuuliza watalipwa lini. Alikiri baadaye katika maandishi yake kwamba kabla ya siku hizo hakuwajua maskini, na kwamba alitoka humo akiwaheshimu.

Plimsoll aliinuka tena. Alirudi katika biashara ya makaa, safari hii kwa akili na tahadhari zaidi, akawa mtu mwenye nafasi. Alimwoa Eliza Ann Railton, mwanamke aliyekuja kuwa msaidizi wake mkubwa katika mapambano yote yaliyofuata. Lakini fedha zilipomrudia, kumbukumbu ya nyumba zile za kupanga haikumtoka.

MELI ZILIZOITWA MAJENEZA

Ili kuelewa alichokipigania, yafaa tuitazame hali ya mabaharia wa wakati ule. Uingereza ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa na meli za biashara nyingi kuliko taifa lolote. Makaa, chuma, nafaka na mbao vilisafirishwa usiku na mchana. Hata hivyo hapakuwa na sheria iliyomwambia mwenye meli ni tani ngapi apakie na wapi akome. Kila gunia lililoongezwa lilikuwa nauli iliyoongezwa, na kila inchi ambayo meli ilizama zaidi ilihesabiwa kuwa faida.

Jambo lililozidisha hatari lilikuwa bima. Mwenye meli aliweza kulikatia bima jahazi kuukuu kwa thamani kubwa kuliko thamani yake halisi. Likifika salama, alipata nauli. Likizama, alipata fidia. Wahenga walisema kufa kufaana, na msemo huo ulitimia kwa namna ya kutisha: hasara ya mabaharia na wajane wao haikuandikwa popote katika daftari la mwenye mali. Tusiseme kwamba wenye meli wote walikuwa wauaji. Wengi walikuwa watu waaminifu. Lakini mwaminifu aliyepakia kwa kiasi alishindwa katika ushindani na jirani yake aliyejaza hadi sitahani, kwa maana jirani aliweza kutoza nauli ndogo zaidi. Hivyo desturi mbaya ya wachache iliwavuta na wale waliotaka kutenda mema. Watu wa bandarini wakazipa meli za aina hiyo jina la majeneza.

Je, baharia hakuweza kukataa? Hapa ndipo habari hii inapomgusa askari. Baharia wa Uingereza aliweka sahihi katika mkataba wa kazi, mara nyingi kabla ya kukiona chombo chenyewe. Akifika gatini akakuta maji yamekaribia sitaha, na akakataa kupanda, sheria ya Meli za Biashara ya mwaka 1854 ilimhesabu kuwa mvunja mkataba na mtoro. Aliletwa mbele ya hakimu, akafungwa wiki kadhaa gerezani. Polisi waliomkamata hawakuwa watu wabaya, nao walitimiza sheria iliyoandikwa. Lakini sheria yenyewe ilikuwa imesimama upande usio wake. Ilimpeleka jela mtu aliyetaka kuishi, ikamwachia huru yule aliyeijaza meli kupita kiasi. Plimsoll alitaka sheria ile igeuke, ili mkono wa serikali uizuie meli badala ya kumzuia baharia.

Hakuwa wa kwanza kuliona jambo hilo. Mnamo Januari 1866 meli ya mvuke iitwayo London, iliyokuwa ikielekea Australia, ilizama katika Ghuba ya Biscay na watu zaidi ya 200 wakafa. Wengi walisema kwamba ilikuwa imebebeshwa mno. Baada ya hapo mwenye meli mmoja wa kaskazini mashariki ya Uingereza, James Hall, alianza kuitaka serikali iweke alama ya mwisho wa shehena. Huyo alikuwa mfanyabiashara wa meli mwenyewe, akiwasema wenzake. Plimsoll alilipokea wazo hilo, akalibeba hadi mahali ambapo Hall asingeweza kufika.

MBUNGE WA DERBY

Plimsoll alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 1865, lakini mwaka 1868 alichaguliwa kuwa Mbunge wa mji wa Derby kwa tiketi ya chama cha Kiliberali. Derby iko ndani ya nchi, mbali na bahari, na wapiga kura wake hawakuwa na meli. Huenda jambo hilo lilimpa uhuru ambao wabunge wa miji ya bandari hawakuwa nao. Maana Bungeni humo walikaa wenye meli wengi, matajiri na wenye kusikilizwa, na kila mara mswada wa kuweka mpaka wa shehena ulipoletwa, ulikwama.

Alipoona maneno ya Bungeni hayafiki mbali, aliandika kitabu. Mwaka 1873 kilitoka kitabu chake Our Seamen, yaani Mabaharia Wetu, kilichowaomba wananchi wawaokoe watu hao. Hakikuandikwa kwa ufundi wa mwanazuoni. Kilikusanya barua, orodha za meli zilizopotea, na nakala za hati. Kilieleza hata udanganyifu wa mafundi wa meli waliotia misumari ya uongo: nje kilionekana kichwa cha boriti ya shaba, lakini ndani hapakuwa na shina lolote la kushika mbao. Meli iliyofungwa hivyo ilionekana imara hadi ilipopigwa na wimbi la kwanza kubwa. Kitabu kilisomwa nchi nzima. Watu waliokuwa hawajawahi kuiona bahari wakaanza kuuliza habari za mabaharia.

Lakini kitabu hicho kilikuwa pia na makosa. Katika haraka na uchungu wake, Plimsoll aliwatuhumu watu wengine bila ushahidi wa kutosha, akashitakiwa kwa kuchafua majina, akalazimika kuomba radhi na kutumia fedha nyingi kwa mawakili. Wapinzani wake walifurahi. Askari ajuaye thamani ya ushahidi ataelewa: hoja ya haki inaweza kudhoofishwa na shahidi mmoja asiyepimwa. Hata hivyo msingi wa madai yake haukubomoka. Katika mwaka wa 1873 hadi 1874 zilihesabiwa meli 411 zilizozama katika pwani za Uingereza peke yake, na watu 506 wakafa.

Serikali iliunda tume ya kifalme ya uchunguzi mwaka 1873. Tume hiyo ilikubali kwamba maovu yapo, lakini mwaka uliofuata haikupendekeza alama ya lazima. Sababu zilizotolewa na wapinzani hazikuwa za kipumbavu. Walisema kwamba meli hazifanani, kwa hiyo kipimo kimoja hakiwezi kuzifaa zote. Walisema kwamba serikali ikichora mstari, mwenye meli atajivua dhima na kusema nilifuata mstari. Walisema pia kwamba meli za kigeni, zisizobanwa na sheria ya Kiingereza, zingechukua biashara yote. Plimsoll alileta mswada wake mwaka 1874 hata hivyo, ukashindwa kwa tofauti ya kura tatu tu.

SIKU YA HASIRA

Mwaka 1875 serikali ya Waziri Mkuu Benjamin Disraeli ilileta mswada wake wenyewe, uliokuwa dhaifu kuliko alivyotaka Plimsoll, lakini alau ulikuwa mwanzo. Tarehe 22 Julai, kikao cha Bunge kikikaribia kufungwa, Waziri Mkuu alitangaza kwamba muda hautoshi na kwamba mswada huo utaachwa mwaka ule.

Plimsoll alikuwa akihesabu miezi ya dhoruba. Alijua kwamba kuahirisha hadi mwaka ujao ni kuruhusu msimu mmoja mzima wa baridi, na meli zitakazozama humo. Alisimama, akasogea katikati ya ukumbi, akataja meli zilizopotea pamoja na watu wake, akaahidi kuuliza hadharani juu ya wabunge waliozimiliki. Aliwaita baadhi yao waovu wanaowapeleka watu kufa. Spika alimtaka ayafute maneno hayo. Alikataa, akakunja ngumi usoni pa wakubwa wa Bunge, akaamriwa kutoka nje.

Wengi walidhani kwamba mtu huyo amejimaliza mwenyewe, nayo Bunge likampa wiki moja afikiri. Tarehe 29 Julai alirudi akaomba radhi kwa maneno na mwenendo uliovunja heshima ya Bunge, ila hakufuta mambo aliyoyadai kuwa kweli. Lakini katika wiki ile moja nchi ilikuwa imebadilika. Mikutano ya hadhara ilifanyika katika miji mingi, magazeti yakaandika, na barua zikamiminika. Serikali iliyosema haina muda ikaupata. Mnamo Agosti 1875 ikapitishwa sheria ya haraka iliyowapa maofisa wa serikali uwezo wa kuzuia meli isiyofaa isiondoke bandarini, na kuwaruhusu mabaharia walalamike bila kuhesabiwa watoro. Mwaka 1876 sheria ya kudumu ikafuata, na duara lenye mstari likawa la lazima katika ubavu wa meli za Kiingereza ziendazo nchi za nje.

SHERIA YENYE TUNDU

Wengi humalizia habari ya Plimsoll hapo, kwa shangwe. Lakini sehemu yenye mafunzo makubwa zaidi ndiyo inayofuata.

Sheria ya 1876 ilimlazimisha mwenye meli achore alama. Haikusema aichore wapi. Ilimwachia yeye mwenyewe achague mahali. Kwa maneno mengine, yule aliyezuiwa ndiye aliyekabidhiwa rangi na brashi. Mwenye meli mwaminifu alichora mahali panapostahili. Mwingine aliweza kupandisha duara juu ubavuni, akapakia atakavyo, na bado akawa ametii kila herufi ya sheria. Hali hiyo ilidumu kwa miaka 14.

Kilichoziba tundu hilo kilikuwa hesabu. Shirika la ukaguzi wa meli la Lloyd's Register lilitoa mwaka 1882 majedwali yaliyoonyesha, kwa kufuata urefu, kina na umbo la meli, ni kiasi gani cha ubavu kibaki juu ya maji. Kamati ya serikali ikayachunguza majedwali hayo, na hivyo ikajibiwa ile hoja ya kwamba meli hazifanani: kila meli ilipata kipimo chake, kwa kanuni moja. Hatimaye sheria ya mwaka 1890 ilimwondolea mwenye meli hiari ya kuchagua, mahali pa alama pakawekwa na serikali. Kuanzia hapo mstari ukawa mpaka wa kweli. Mwaka 1906 hata meli za kigeni zilizoingia bandari za Uingereza zilitakiwa kutii, na hoja ya ushindani nayo ikaisha nguvu. Mwaka 1930 mataifa yalitia sahihi mkataba wa kwanza wa kimataifa juu ya mistari ya shehena. Mkataba uliochukua nafasi yake ulifanywa London tarehe 5 Aprili 1966, ukaanza kutumika Julai 1968, nao ndio msingi wa alama tunazoziona leo katika meli za bahari zote.

MIAKA YA MWISHO

Plimsoll hakuona yote hayo. Mwaka 1880 alichaguliwa tena Derby, lakini akaacha kiti chake ili kimfae waziri mmoja wa chama chake, Sir William Harcourt, aliyekuwa amekosa kiti. Alitumaini kwamba serikali ingemlipa kwa kuwatendea mabaharia mema. Malipo hayo yalichelewa mno, na yeye mwenyewe hakurudi tena Bungeni. Mkewe Eliza alifariki mwaka 1882, na mwaka 1885 alimwoa Harriet Wade. Alikuwa rais wa heshima wa chama cha mabaharia na wafua moto wa meli, akapigania pia hali ya wanyama waliosafirishwa kwa msongamano wa kikatili katika meli za ng'ombe. Alifariki tarehe 3 Juni 1898 katika mji wa Folkestone, kando ya bahari. Mwaka 1929 mabaharia, kwa kupitia chama chao, walimjengea mnara wa kumbukumbu kando ya mto Thames katika London.

JINSI ALAMA INAVYOFANYA KAZI

Duara lina upana wa milimita 300, na mstari unaolikata una urefu wa milimita 450. Kilicho muhimu ni ule ubavu unaobaki juu ya maji. Sehemu hiyo ndiyo akiba ya meli. Wimbi likiingia, au chombo kikilala upande mmoja, akiba hiyo ndiyo inayokiinua tena. Mfanyabiashara huitazama kama nafasi tupu iliyopotea, hali baharia huihesabu kuwa pumzi yake.

Mistari mifupi ya pembeni huhesabu maji na majira. Upo mstari wa kiangazi, upo wa majira ya baridi ambapo dhoruba ni kali na meli lazima ipakie kidogo, upo wa bahari za tropiki, na ipo miwili ya maji yasiyo na chumvi. Hii miwili yatupasa sisi watu wa maziwa kuielewa. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji matamu: mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, na ya maji matamu kilo 1,000. Kwa hiyo meli ile ile, yenye shehena ile ile, huzama zaidi katika maji matamu. Iliyozama mita sita baharini itaongeza kama sentimita 12 hadi 15 ikiingia katika maji matamu, bila kuongezwa gunia hata moja. Nahodha aliyezoea bahari akija ziwani bila kulijua hilo anaweza kudanganyika.

Tena alama haipimi kila kitu. Inaonyesha uzito wote, lakini haionyeshi uzito huo umekaa wapi. Shehena iliyorundikwa juu ya sitaha, au umati wa abiria uliokimbilia upande mmoja, unaweza kukipindua chombo ambacho mstari wake bado unaonekana. Ndiyo maana vyombo vya abiria vina pia idadi ya watu iliyoandikwa katika cheti, na idadi hiyo ina uzito wa sheria sawa na mstari.

MAZIWA YETU NA PWANI YETU

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya Waingereza wa zamani. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa kikiwa kimebeba watu kupita kiasi, watu 272 wakafa. Tarehe 21 Mei 1996 meli Bukoba ilizama katika ziwa Victoria karibu na Mwanza, na waliopotea wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa na abiria waliozidi mno idadi ya cheti chake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu kama 100, na waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220. Katika ziwa letu hili la Tanganyika, mnamo Desemba 2014, chombo Mutambala kilizama upande wa Kongo, watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha.

Kwa vivuko vile vya Mtongwe na Ukara, na kwa Spice Islander, mpaka ulikuwapo kabla ya ajali. Cheti kilikuwa kimeandikwa na idadi ilikuwa inajulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama gatini na kusema basi, au alikuwapo naye akanyamaza.

Ziwa Tanganyika lina urefu unaokaribia kilomita 670, na kina chake hufika mita 1,470. Pepo za kusini mashariki zivumazo kati ya Mei na Septemba huinua mawimbi ambayo wavuvi wa Rumonge na Nyanza-Lac wanayajua vizuri. Nchi nne, Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zinaligawana, na mamlaka ya pamoja ya ziwa hilo ina makao yake hapa Bujumbura. Mizigo na abiria wake hawasafiri katika meli kubwa tu. Wengi huenda kwa maboti ya mbao yasiyo na duara wala mstari ubavuni. Kwa vyombo hivyo alama pekee iliyopo ni jicho la askari wa zamu, na amri itokayo kinywani mwake.

Kazi hiyo si nyepesi. Mfanyabiashara atasema kwamba sukari yake inasubiriwa sokoni. Nahodha atasema kwamba amevuka mara mia akiwa na mzigo mkubwa kuliko huu. Wako watakaoleta noti iliyokunjwa. Na abiria wenyewe, ambao roho zao ndizo zinazolindwa, watakuwa wa kwanza kupiga kelele wakiambiwa washuke, kwa maana yupo anayekwenda mazishini, yupo anayemrudisha mtoto shuleni, na hakuna aaminiye kwamba ziwa lililotulia asubuhi linaweza kumgeukia jioni. Askari atakayewashusha atalaumiwa siku hiyo na watu wote. Wakifika salama kesho yake kwa chombo kingine, hakuna atakayerudi kumshukuru, kwa sababu ajali isiyotokea haina mashahidi.

Samuel Plimsoll alilaumiwa hivyo kwa miaka mingi. Aliitwa mchochezi, akashitakiwa, akafukuzwa ukumbini. Makosa yake aliyakiri na kuyaombea radhi. Lakini hakukubali kwamba mwenye faida ndiye apime hatari ya mwenzake. Miaka ile 14 baada ya sheria ya 1876 inatuonyesha kwamba mstari ukiachwa mikononi mwa mwenye shehena hupanda juu kila mwaka, hata ukafika mahali ambapo hauzuii kitu. Na pale ulipokwisha kuwekwa kwa haki, bado unahitaji mtu wa kuutazama kabla kamba hazijafunguliwa gatini, awe tayari kuzuia safari maji yakiufunika, hata kama gati zima linamzomea.